Saini Tano za Kaka

Mkasi wa umeme ulikuwa umeshaingia kwenye kona ya kwapa, na pale hapasimamiwi. Ukisimama katikati ya kona, ukianza tena wembe unaruka, na mashati thelathini ya shule, yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, yanapata kwapa lenye pengo kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo wakili alipoingia na faili lake kifuani, Bi Chaki hakuinua kichwa. Aliinua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kisha akakirudisha juu ya kitambaa.

Wakili akangoja. Alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, lakini miezi mitano ya kesi ilikuwa imemfundisha adabu ya meza ile. Alijua kwamba mtu haegemei pembeni, haweki kikombe juu yake, na hamsemeshi anayekata mpaka mashine izimwe.

Mashine ikazimwa.

"Haya, mwanangu. Uso huo si wa heri."

"Wameleta daftari."

Bi Chaki alitoa chaki nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha palepale. Alikuwa hivyo miaka yote. Alikwenda na chaki hospitali, akaenda nayo msibani, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

"La mahudhurio?"

"La mahudhurio. Wakili wa kaka yako amelikabidhi mahakamani asubuhi hii. Vikao vyote vitano, saini yake ipo."

Kwenye cherehani ya kwanza karibu na mlango, Kitinda, mdogo wao wa mwisho, aliacha kukanyaga. Bi Chaki akamtazama, na cherehani ikaanza tena.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Marehemu mama yao, ambaye watu wote walimwita Bi Mkubwa, aliianzisha karakana ile kwa cherehani moja ya mkono, akaikuza mpaka zikafika kumi na nne. Alipoona macho yanamwishia, aliliweka jengo na kila kilichomo ndani ya amana ya familia, ili asitokee mtoto mmoja akaamka na njaa zake akaviuza peke yake. Wadhamini walikuwa watatu: yeye mwenyewe, mwanawe mkubwa, na huyu mkata vitambaa, ambaye pia alikuwa katibu. Bi Mkubwa alipofariki, kiti chake alikirithi Mjomba, na Kaka akawa mwenyekiti. Mwaka haukwisha, Kaka na Mjomba wakaamua, kura mbili kwa moja, kwamba jengo lipangishwe kwa mfanyabiashara wa maghala na cherehani zitafutiwe pa kwenda. Dada wawili wakakimbilia mahakamani. Jaji alisimamisha kila kitu mpaka asikilize pande zote, na siku ya kusikiliza ilikuwa kesho.

"Kesi yetu imesimama kwa mguu mmoja," wakili alisema kwa sauti ya chini. "Kifungu cha tisa. Mdhamini akikosa vikao vitatu mfululizo bila ruhusa, kiti chake kimekufa chenyewe. Kaka yako alikaa mbali miaka miwili na nusu, mtaa mzima unajua. Kama kiti kilikufa, kura yake si kura, na jengo halipangishwi. Lakini daftari linasema alikuwepo. Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa katibu. Alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Wakili alifungua mdomo kuuliza linalofuata, akaufunga. Alitazama mikono ya Bi Chaki, iliyokuwa ikipangusa nyuzi ambazo hazikuwepo mezani.

"Kifungu cha kumi na moja unakikumbuka?" akauliza badala yake.

"Nilikiandika mimi, mama akitamka. Mdhamini atakayeandika uongo katika vitabu vya amana kwa kujua, atoke, hata akiwa wa tumbo langu."

"Basi mimi sijakuuliza zaidi. Kesho saa tatu kiapo chako kinasomwa. Utakachoniambia nitakiandika. Usichoniambia sitakitunga."

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni nipigie. Usiku nalala, mama. Sitaki kwenda mbele ya jaji na macho mekundu kama nimelia."

Wakili aliondoka. Bi Chaki aliwasha mashine, akageukia kwapa la pili, akaizima tena kabla haijagusa kitambaa.

Vikao vya amana vilikuwa vikifanyika hapahapa, kwenye meza ya kukatia, kwa sababu Bi Mkubwa hakuamini neno lililosemwa na mtu aliyekaa kwenye kochi. Siku ile ya kwanza, Kaka akiwa mji wa mbali, walikuwa wawili tu, mama na binti. Bati lilikuwa linavuja juu ya cherehani ya tatu na ya nne, na bila azimio la wadhamini fundi wa bati asingeruhusiwa kupanda.

"Nisomee waliohudhuria," Bi Mkubwa alisema.

"Wewe, mama. Na mimi."

"Na mstari wa tatu?"

"Mtupu. Kaka hayupo."

Bi Mkubwa alifunga mikono mapajani. "Basi hatujakaa."

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuiandika popote, lakini kila aliyepita karakana ile aliijua kuliko jina lake. Shati halitoki mlangoni likiwa na kifungo pungufu. Kama kile chake kimepotea, unatafuta kinachofanana kwenye kopo la vifungo, unashona, mnunuzi hajui na shati limetimia. Bi Mkubwa aliishi kwa sheria hiyo, na alitaka kila kitu kitimie hivyo, hata karatasi.

Kesho yake walikaa tena, mstari mtupu, mikono mapajani. Mvua ikanyesha. Siku ya tatu Bi Chaki alichukua kalamu, akaandika kwenye mstari wa tatu saini ya kaka yake, ile aliyokuwa akiiona kwenye kila daftari la shule walipokuwa wanalala chumba kimoja.

"Umejaa?"

"Umejaa, mama."

"Haya. Bati."

Mama hakumwambia tia saini. Hilo Bi Chaki alikuwa amelizungusha kichwani miaka yote. Hakumwambia. Lakini mezani walikuwa watu wawili, na asiyeona alikuwa na masikio makali kuliko paka. Alijua pumzi za nani zilikuwepo na za nani hazikuwepo.

Baada ya hapo vikawa vikao vinne vingine.

Daftari lenyewe Kaka alilichukua wiki ya maziko, kama mwenyekiti mpya. Kesi ilipoanza, Bi Chaki alijiambia kwamba hatathubutu kulitoa. Waliojua kwamba saini si za Kaka walikuwa wawili tu duniani, yeye na Kaka mwenyewe, na mtu haiti uongo anaoujua ukamtolee ushahidi. Sasa Kaka ameuita.

Saa kumi kasoro wafanyakazi walianza kukunja kazi. Kaka aliingia wakati wanatoka, akawapisha mlangoni mmoja mmoja, akimjibu kila mtu salamu yake. Hakuwa mtu wa dharau, hata dada zake walipokuwa na hasira walilijua hilo.

"Mwenyekiti kaingia," Kitinda alisema bila kuacha kukanyaga. "Tusimame au tuendelee kula jasho letu?"

"Kaeni tu, mdogo wangu. Nimekuja kuongea na dada yako."

"Ongea. Karakana haina milango ya ndani."

"Kitinda," Bi Chaki alisema, "nenda ukahesabu kola kule stoo."

"Nimeshazihesabu."

"Zihesabu tena."

Kitinda aliinuka akaenda, na njiani alisukuma kiti kwa nyonga kikapiga ukuta.

Kaka alibaki amesimama upande wa pili wa meza, mahali walipokuwa wakikaa wateja wakubwa enzi za mama. Bi Chaki alimtazama mabega kabla ya uso. Hayo ndiyo macho ya kazi yake.

"Koti hilo nani kakukatia?"

"Nimelinunua likiwa limeshashonwa."

"Inaonekana. Bega la kushoto linakubana."

Kaka alicheka kidogo, kicheko kikaishia puani. "Wakili wangu kaniambia kiapo chako ni kesho. Utasema nini?"

"Wewe ungependa niseme nini?"

"Mimi nimekuja na kitu chepesi." Alitoa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, akaifungua juu ya kitambaa, akailainisha kwa kiganja. "Tunatia saini wote wawili, mwenyekiti na katibu, kwamba daftari ni sahihi kama lilivyo. Basi. Hakuna mtu anayefukua. Halafu nakupa miezi sita, hamisha cherehani taratibu, uzipeleke utakako. Mjomba amekubali."

"Daftari ni sahihi?"

"Lina saini tatu kila kikao."

"Zako ni ngapi?"

Nje mtu alikuwa akiburuta geti la duka la jirani, chuma kikilia juu ya saruji.

"Mkia wa saini yangu unapanda," alisema. "Ule wa daftarini unashuka. Nililiona siku ya tatu baada ya kuzika. Nikajua ni wewe. Mama hakuwa na macho, na Kitinda hana subira ya kuiga kitu." Aliondoa kiganja juu ya karatasi. "Sikukasirika, dada yangu. Nilikaa kitandani kwa mama na lile daftari, nikasema kumbe kuna mtu alinishikia nafasi."

"Nilishika mstari, si nafasi."

"Mimi nilikuwa nimepoteza kazi. Nyie mlijua nipo kwenye kampuni, na mimi kampuni ilishanitoa mwezi wa pili. Ningekuja vipi? Mtoto wa kwanza, mdhamini, anaingia mlango huu na viatu vya kuazima? Mara ya kwanza ile, ya bati, nilikuja. Nilifika mpaka kona pale, kwa muuza magazeti. Nikawaona dirishani, mama na wewe. Nikageuza."

Bi Chaki hakuwahi kulisikia hilo. Alisimama nalo mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine amshike kidogo.

"Kwa hiyo nilikuwepo," Kaka alisema, akijaribu mzaha, "ila nilikaa mbali na meza."

Nusura Bi Chaki acheke. Walikuwa wamecheka pamoja mambo mabaya zaidi kuliko hilo, utotoni, chini ya meza hiihii, mama akiwatisha kwa rula. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa imelala juu ya mashati ya watoto wa watu.

"Kwa nini unataka kuifunga, Kaka?"

"Kwa sababu imeshajifunga, ni wewe tu hujaambiwa. Shule tatu zimehama msimu huu. Mashati yanakuja kwenye marobota yameshashonwa, yamepigwa pasi, na kifungo cha akiba juu. Wewe mgongo umeinama kama ndoano. Unataka Kitinda naye ainame?"

"Ulileta neno hilo kwenye kikao?"

"Nililileta. Ulinikatalia kwa kura moja, nikakushinda kwa mbili."

Hapo hakusema uongo, na Bi Chaki hakumbishia. Yawezekana hesabu zake zilikuwa sawa. Yawezekana pia mtu aliyegeuza kwenye kona alikuwa hajawahi kusamehe jengo lililomwona akigeuza. Yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

"Ukisema sikuwepo," Kaka aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka ikawa ngumu, "jaji hatakuuliza nilikuwa wapi. Atakuuliza nani aliandika. Ukimjibu, kifungu cha kumi na moja kinakutoa kabla cha tisa hakijanitoa mimi. Tunatoka wote. Karakana uliyoipigania inabaki na Mjomba, mtu asiyejua kutunga uzi kwenye sindano. Umelifikiria hilo?"

"Tangu saa saba."

"Na?"

"Na bado halijaisha kufikirika."

Kaka alitoa kalamu, akaiweka juu ya karatasi, kichwa kikimwelekea dada yake. Akangoja. Bi Chaki aliitazama kalamu. Ilikuwa rahisi kabisa. Alishaiandika saini ya mtu mwingine mara tano mkono usitetemeke, na hii ilikuwa yake mwenyewe.

Aliichukua kwa vidole viwili, akamrudishia.

"Nenda nyumbani, Kaka. Tutaonana mahakamani kesho."

"Hilo ni jibu?"

"Ni hilo nililo nalo."

Kaka aliikunja karatasi polepole, akakosea mikunjo, akaikunja upya. Mlangoni aligeuka. "Mimi sikukuomba uandike," alisema. "Wala mara moja." Akatoka.

Kitinda alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha stoo, na kola moja mkononi.

"Umesikia?" Bi Chaki aliuliza.

"Nilikuwa nahesabu." Alikuja akakaa kwenye kiti cha fundi wa vifungo. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Zote tano?"

"Zote tano."

"Na mimi miezi mitano hii nasimama kwa jirani, kwa muuza maji, kila mahali nasema kaka yetu ni mwongo." Alianza kucheka, kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, akafuta uso kwa ile kola. "Ungeniambia, Dada. Ningetukana kwa kiasi."

"Nisamehe."

"Siyo sasa. Sasa sema unafanya nini. Ukinyamaza, jengo linakwenda. Ukisema, unakwenda wewe. Mimi nataka nijue nakaa wapi keshokutwa."

Bi Chaki alichukua simu, akaiweka sauti wazi katikati ya meza ili mdogo wake asikie bila kusimuliwa. Wakili alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Saini ni zangu," Bi Chaki alisema. "Niliandika kwa mkono wangu. Kaka hakuniomba. Mama hakuniambia."

Upande wa pili karatasi ikasikika ikifunguliwa.

"Unajua kwamba unatoka?"

"Najua. Nataka kujua anayeingia."

"Mkitoka wote wawili, Mjomba anabaki peke yake, na hati inasema mmoja hawezi kuamua. Jaji atawaita wanafamilia mchague wawili wapya. Mpaka hapo jengo halipangishwi. Baada ya hapo, mama, mimi sijui. Wanaweza kuchagua watu wa kuifunga. Wanaweza kumchagua Kitinda."

Kitinda alitikisa kichwa kukataa, kisha akaacha kukitikisa.

"Na hao wapya wakiamua nitolewe kazini?" Bi Chaki aliuliza. "Hapa mezani?"

"Hilo litakuwa mikononi mwao."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshika mkasi mahali hapo, na sasa mkate wake ungekuwa neno la watu ambao bado hawana majina.

"Andika," alisema.

"Hapana, andika wewe. Kwa mkono wako, kikao kimoja kimoja: tarehe, mliokuwepo, nini kilisemwa kabla ya saini, na saini ilitiwaje. Usipambe, usijikaange. Kesho saa mbili unikute kwenye benchi la nje ya mahakama, tutakipiga chapa pale kwa mwandishi na utakula kiapo. Na jambo moja. Wakili wa kaka yako atakusulubu kwa kila neno. Ukiandika unalodhani badala ya unalokumbuka, hapo ndipo atakapokushika."

Simu ilikatika. Kitinda alisogeza mashati pembeni, akaleta karatasi za mistari na kiti. Bi Chaki alizoea kusimama kwenye meza ile. Magoti yake hayakujua pa kuingia.

Kikao cha kwanza kiliandikika vizuri: bati, mvua, siku tatu, mikono mapajani. Aliandika pia kwamba mama aliuliza kama mstari umejaa, na kwamba alimjibu umejaa. Cha pili, ununuzi wa cherehani mbili. Mama aliuliza, yeye akatia saini, mama akaanza. Cha tatu, mkataba wa shule mpya. Hivyohivyo. Kitinda alisoma juu ya bega lake, midomo ikicheza, bila neno.

"Cha nne," Kitinda alisema. "Kilihusu nini?"

"Pasi ya mvuke."

Aliandika tarehe. Aliandika, *Tulikuwa wawili.* Kisha kalamu ikasimama.

"Vipi?"

"Siku hiyo sikumbuki kama aliniuliza."

"Si kila siku aliuliza? Andika aliuliza."

"Mara tatu aliuliza. Hii ya nne sikumbuki." Bi Chaki alitazama mistari mitupu iliyofuata. "Yawezekana nilikuwa nimeshauandika ule mstari kabla hajakaa. Yawezekana nilikuja nao umeshajaa, kama mtu anayepanga vikombe."

"Inabadilisha nini? Unatoka kwa saini moja, unatoka kwa tano."

"Kwenye kesi haibadilishi kitu. Kwangu inabadilisha."

Nje taa za barabara zilikuwa zimeanza kuwaka, moja ikipepesa. Bi Chaki alijaribu kumrudisha mama yake mezani siku ile: kitambaa gani kilikuwa kimetandikwa, nani alikaa upande gani, mikono ya mzee ilikuwa wapi. Pasi aliiona vizuri, hata rangi ya waya wake. Mikono hakuiona.

"Twende nyumbani," Kitinda alisema mwishowe. "Utalala ukumbuke."

"Nisipokumbuka?"

"Basi utawaandikia hukumbuki. Kesho saa kumi na mbili nitakuja kukuamsha, tumalizie kabla ya benchi."

Bi Chaki alizikunja karatasi tatu zilizokwisha, akazitia kwenye mkoba. Ya nne aliiacha bila kuikunja, akaishika hivyo mkononi, tarehe na maneno mawili juu yake, akazima taa ya meza.